Mishipa Inayopokea Amri

Mwaka 1981 Patricia Stewart na Michael Wiley walichapisha jaribio la ndege ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kutangulia mchoro wowote unaochorwa ubaoni wa kizuizi cha damu na ubongo, yaani namna mishipa ya ubongo inavyochagua nini kitoke kwenye damu na kuingia ubongoni. Walichukua kipande cha ubongo wa kiinitete cha kware kabla hakijaota mishipa ya damu, wakakipandikiza tumboni mwa kiinitete cha kuku. Mishipa ya tumbo la kuku ikachipua na kuingia ndani ya kipande kile. Ilikuwa mishipa ya kawaida ya tumboni, ambayo kwa desturi yake huruhusu mengi kupita, lakini ilipofika ndani ya nyama ya ubongo ikabana, na rangi iliyotiwa kwenye damu haikupenya. Kisha wakafanya kinyume chake. Walipandikiza nyama isiyo ya ubongo ndani ya ubongo, mishipa ya ubongo ikaifuata huko, nayo ikawa inavuja.

Kwa hiyo uwezo wa kuulinda ubongo haumo katika nasaba ya mshipa. Mshipa huupokea kutoka kwa jirani yake, na jirani akibadilika, uwezo huondoka. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa: kizuizi cha damu na ubongo ni kazi inayofanywa kwa amri, saa kwa saa, maisha yote. Anayekieleza kama ukuta uliojengwa mara moja tumboni mwa mama hupotoka katika mengi yanayofuata, kuanzia namna anavyoelewa manjano ya mtoto mchanga hadi anavyosoma habari za dawa mpya.

Elimu hii ilianza na rangi. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, huko Ujerumani, aliona kwamba rangi alizozidunga kwenye damu ya wanyama zilipaka karibu kila kiungo, ubongo ukabaki mweupe. Akadhani tishu za ubongo hazishiki tu rangi hizo. Edwin Goldmann, aliyewahi kufanya kazi naye, alimjibu kwa vitendo mwaka 1913: alitia rangi ya buluu moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo, ubongo ukawa buluu na mwili uliobaki ukakaa kama ulivyokuwa. Ubongo ulikuwa unashika rangi vizuri kabisa. Kilichokosekana ni njia ya kuufikia kutoka kwenye damu.

Aliyekipa kizuizi hicho jina lililodumu ni Lina Stern, akiwa Geneva na mwenzake Raymond Gautier, mwaka 1921. Stern tangu mwanzo alikiona kama mfumo unaochagua na kurekebisha mazingira ya ubongo, na nadhani alikuwa mbele ya wengi waliomfuata. Baadaye alihamia Umoja wa Kisovieti, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili wa Chuo cha Sayansi cha huko, kisha mwaka 1949 akakamatwa pamoja na viongozi wa kamati ya Wayahudi dhidi ya ufashisti. Wenzake waliohukumiwa katika kesi ile ya 1952 walipigwa risasi. Yeye alipelekwa uhamishoni Kazakhstan, akarudi baada ya kifo cha Stalin.

Rangi ya Goldmann, tripani buluu, ina uhusiano na sisi ambao hautajwi mara nyingi. Ni ya ukoo wa rangi zilizokuwa zikijaribiwa kuua vimelea vya malale, wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukifyeka watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Upande wa Uganda pekee walikufa zaidi ya 200,000 katika miongo miwili ya mwanzo ya karne iliyopita. Kutokana na rangi hizo, wakemia wa Bayer walipata suramini, dawa isiyo na rangi ambayo bado inajulikana katika tiba ya malale ya Afrika Mashariki ya hatua ya kwanza. Suramini ilirithi tabia za wazazi wake: ni molekuli kubwa, ina chaji, na inang'ang'ania protini za damu. Inasafisha damu, basi. Kizuizi kinaizuia kwa sababu zilezile zilizoizuia rangi ya Goldmann.

Vimelea vyenyewe huvuka. Vikishavuka, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia, na suramini haimsaidii tena. Kuanzia 1949 dawa iliyoweza kuvifuata huko ilikuwa melasoprolo, ambayo ni kampaundi ya aseniki. Ilichoma mishipa ilipodungwa, na takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini aliuawa na dawa yenyewe, kwa uvimbe na mparaganyiko wa ubongo. Kwa malale ya aina ya rhodesiense, ambayo ndiyo ya Tanzania, Malawi na Zambia na sehemu ya Uganda, ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo la hatua ya pili kwa zaidi ya miaka sabini.

Kilichokuja kubadilisha hali hakikuvunja kizuizi chochote. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 394 wa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati waliokuwa na malale ya gambiense, aina ya Afrika Magharibi na Kati, iliyokwishaingia ubongoni. Waliopewa vidonge vya feksinidazoli kwa siku kumi walipona kwa asilimia 91. Waliotibiwa kwa njia iliyokuwepo, yenye dripu na uuguzi wa karibu, walipona kwa asilimia 98. Kidonge kilizidiwa kidogo kwa nguvu, lakini kilifika kijijini bila katoni za dripu. Mwishoni mwa 2023, baada ya majaribio Malawi na Uganda, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuunga mkono dawa hiyo hata kwa rhodesiense. Feksinidazoli inafika ubongoni kwa sababu ni molekuli ndogo inayopenya tando za mafuta za seli. Nalisisitiza hili kwa sababu vichwa vya habari siku hizi vimejaa mbinu za kukifungua kizuizi kwa mawimbi ya sauti na viputo vya gesi chini ya mashine ya MRI. Ni kazi nzuri, na kwa uvimbe wa ubongo huenda ikaokoa watu. Lakini ushindi uliomfikia mkulima wa Kongo ulitokana na kukijua kizuizi kinaruhusu nini, kisha kutafuta dawa inayofanana na hicho.

Sasa turudi kwenye amri. Ubongo wa kiinitete huanza bila mshipa hata mmoja ndani yake. Mishipa huuzunguka kwa nje, halafu huchipua kuingia ndani. Kwa panya ni karibu siku ya tisa au ya kumi ya mimba, mimba inayochukua kama siku ishirini. Seli changa za ubongo hutoa protini ziitwazo Wnt7a na Wnt7b. Seli bapa zinazotandika ndani ya mshipa, endothelia, huzipokea kupitia jozi ya protini za GPR124 na RECK, na ujumbe hufika hadi kwenye jeni kwa mkono wa beta-katenini. Kati ya 2008 na 2009 makundi matatu ya watafiti yalifikia jambo hilo kwa njia tofauti. Panya wasio na Wnt7a na Wnt7b hupata mishipa iliyoharibika na kutokwa damu ubongoni, huku mishipa ya sehemu nyingine ya mwili ikiendelea salama.

Ishara inayouita mshipa uingie ndiyo hiyohiyo inayoufundisha kubana. Ubongo haukusanyi mabomba kwanza na kuanza kuyaziba baadaye, ingawa kuziba huko huchukua siku kadhaa kukamilika. Mshipa unapoingia unakuwa tayari umeanza kuongeza GLUT1, protini inayovusha glukosi, na kupunguza matundu ambayo mishipa ya viungo vingine huwa nayo. Kujilisha na kujilinda vinatoka kwenye amri moja, na ndiyo maana sipendi picha ya ukuta. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama asilimia 2 ya mwili na unatumia kama asilimia 20 ya nishati yake. Kiungo chenye mahitaji hayo hakiwezi kuishi nyuma ya ukuta.

Kubana kwenyewe kuna pande mbili. Mwaka 1967 Thomas Reese na Morris Karnovsky, Harvard, walionyesha kwa hadubini ya elektroni kuwa seli za endothelia ya ubongo zimeshonana kwa viungio vinavyozuia protini kupita katikati yao. Mjadala mwingi ukaishia hapo, kwenye mshono. Lakini seli inaweza kuwa imeshonwa vizuri na bado ikavujisha, kwa kumeza vitu upande wa damu katika vifuko vidogo na kuvitema upande wa ubongo. Panya walioondolewa klaudini-5, protini muhimu ya mshono, huvujisha molekuli ndogo tu na hufa saa chache baada ya kuzaliwa. Panya wasio na protini ya Mfsd2a, kama ilivyoripotiwa mwaka 2014, wana mshono mzima kabisa, na huvujisha kwa njia ya vifuko. Protini hiyohiyo ya Mfsd2a ndiyo inayoupelekea ubongo DHA, mafuta ambayo wengi tunayajua kutoka kwa samaki. Tena, ulishaji na ulinzi katika protini moja.

Anayeviamuru vifuko vipungue, kwa sehemu kubwa, ni perisaiti, seli zinazoukumbatia mshipa kwa nje. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2010 zilionyesha kuwa perisaiti zikipungua, vifuko huongezeka na mshipa huvuja. Kwa miaka mingi sifa hii ilipewa astrosaiti, seli zenye umbo la nyota ambazo miguu yake huufunika karibu mshipa wote wa ubongo. Ni rahisi kuona kwa nini: ukitazama ubongo wa mtu mzima, zipo kila mahali. Ila kwa panya kizuizi hufanya kazi kabla ya kuzaliwa, na astrosaiti nyingi huja baadaye. Zina kazi kubwa ya kukitunza. Kukianzisha si kwao.

Hapa naingia kwenye jambo linalonikera kidogo. Katika semina nyingi za afya ya mtoto husemwa kwamba mtoto mchanga hudhuriwa ubongo na manjano kwa sababu kizuizi chake bado hakijakomaa. Ni maelezo mepesi, na kwa sehemu kubwa yanapotosha. Viungio vinavyobana huwapo mapema katika mimba, na mtoto anayezaliwa kwa wakati wake ana kizuizi kinachofanya kazi. Kweli, baadhi ya pampu zake bado ni chache, na hilo lina uzito. Lakini bilirubini, rangi ya njano ya damuni inayoleta manjano, haihitaji tundu. Ikiwa imeshikwa na albumini, protini ya damu, haivuki. Ikiwa huru, inapenya tando za seli kama mafuta. Hatari hupanda bilirubini inapozidi uwezo wa albumini kuishika, au kitu kingine kinapoinyang'anya nafasi yake.

Ushahidi mkali kabisa wa hilo uliletwa na balaa la tiba. Mwaka 1956 William Silverman na wenzake huko New York waliripoti kwamba watoto njiti waliopewa sulfa pamoja na penisilini ili kuwakinga na maambukizi walikufa zaidi kuliko waliopewa antibayotiki nyingine, na ubongo wao ukakutwa umelowa bilirubini. Baadaye ikaeleweka kwamba sulfa ilikuwa inaiondoa bilirubini kwenye albumini. Kizuizi cha watoto wa makundi yote mawili kilikuwa cha umri uleule. Kwa sababu hiyohiyo leo antibayotiki ya seftriaksoni haipewi mchanga mwenye manjano makali. Muuguzi aliyefundishwa habari ya ukuta mchanga hawezi kukisia katazo hilo linatoka wapi, na asipojua linatoka wapi atalisahau siku ya zamu ndefu.

Halafu kuna utunzaji, ambao ndio sehemu ya kazi inayodharauliwa zaidi. Seli za endothelia zikitolewa ubongoni na kukuzwa maabara peke yake, hupoteza sifa zao taratibu. Maabara ya Jeremy Nathans, Johns Hopkins, ilionyesha mwaka 2012 kwamba hata ndani ya mnyama, seli moja moja ikiondolewa kipokezi cha ishara ya ukoo wa Wnt hurudi kwenye hali ya kuvuja, ikiwa katikati ya majirani waliobana. Walionyesha pia kuwa ishara ikirejeshwa, hata kwa mnyama mzima, seli inabana tena. Endothelia ya ubongo ni kibarua anayelipwa kila jioni: siku asipolipwa, kesho haji.

Kuna mahali ambapo ubongo wenyewe umeamua kutolipa. Chini kabisa ya ubongo, karibu na unapoungana na uti wa mgongo, kipo kieneo kidogo ambacho mishipa yake inavuja kwa makusudi ili seli za hapo zionje damu na kugundua sumu. Ni kimojawapo cha vinavyomfanya aliyemeza sumu atapike. Watafiti walipoilazimisha ishara ya beta-katenini katika mishipa ya maeneo ya namna hiyo kwa panya, mishipa ilianza kubana. Kwa maneno mengine, uvujaji wa hapo si kasoro, ni uamuzi unaotunzwa kama ubanaji unavyotunzwa kwingine.

Sehemu ya kazi ya kila siku ni kutupa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Amsterdam, Alfred Schinkel na wenzake walitengeneza panya wasio na pampu iitwayo P-glaikoprotini. Panya hao walionekana wazima kabisa hadi walipopuliziwa ivamektini kuua utitiri. Wakafa. Uchunguzi uliochapishwa 1994 ulionyesha kuwa ivamektini ilikuwa imerundikana ubongoni mwao makumi ya mara zaidi ya kawaida. Dawa hiyo ndiyo ambayo imekuwa ikigawiwa kwa mamilioni ya watu kwenye maeneo ya usubi, Mahenge na Tukuyu zikiwemo. Inaingia kwenye seli za mshipa kwa urahisi, kwa kuwa inapenda mafuta. Wanaoimeza wanabaki salama kwa sababu pampu inairudisha kwenye damu, tena na tena, kwa kuteketeza nishati. Ukuta haule chakula. Kizuizi hiki kinakula.

Na kikishindwa kulisha, dalili ni zilezile tunazoziogopa kikivuja. Mwaka 1991 Darryl De Vivo alieleza habari za watoto wenye degedege ambao sukari ya damu yao ilikuwa ya kawaida, ila sukari ya maji ya uti wa mgongo ilikuwa chini mno. Walikuwa na upungufu wa GLUT1. Mishipa yao haikuvuja, ilikuwa haivushi. Lishe yenye mafuta mengi, inayoupa ubongo ketoni badala ya glukosi, huwapunguzia degedege, kwa kuwa ketoni hupita kwa protini nyingine.

Nimeliacha nyuma kwa makusudi jambo lenye uzito mkubwa kuliko yote kwetu. Mtaani husemwa malaria imempanda mtoto kichwani. Kitabibu, kimelea hakipandi. Kinabaki ndani ya chembe nyekundu, ndani ya mshipa, upande wa damu, na mtoto hufa bila kimelea kuvuka. Chembe zilizoambukizwa hunasa kwenye endothelia. Tafiti za 2012 na 2013, zilizoanzia kwa watoto wa Tanzania waliolazwa na malaria kali, zilibaini kwamba protini za kimelea zinazohusiana na malaria kali hushika kipokezi kiitwacho EPCR. Kipokezi hicho si ndoano ya bahati nasibu. Kinasaidia kutengeneza protini C iliyoamshwa, ambayo huzuia damu kuganda na kuituliza endothelia ibaki imebana. Kimelea kinakaa juu ya moja ya ishara zinazokitunza kizuizi, kwa upande wa damu, na kuizima.

Kinachofuata kimeonekana Blantyre, Malawi. Timu ya Hospitali ya Queen Elizabeth, ikitumia MRI kwa watoto 168 wenye malaria ya ubongo, iliripoti mwaka 2015 kuwa kati ya 25 waliokufa, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Miongoni mwa 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe wa kiasi hicho walikuwa 39, na uvimbe wao ulipungua upesi. Kasi hiyo ya kupungua inaniambia mengi. Kitu kilichobomoka hakirudi katika hali yake ndani ya siku chache. Kazi iliyosimama inaweza kurudi.

Ukifikiri kwa ukuta, tiba inayokujia kichwani ni kunyonya maji. Ilijaribiwa: Mulago, Kampala, watoto wenye malaria ya ubongo walipewa manitoli, au maji ya chumvi ya kulinganishia tu, na matokeo ya 2007 hayakuonyesha faida. Manitoli hufanya kazi kwa kubaki kwenye damu na kuvuta maji kutoka ubongoni, na hiyo inahitaji kizuizi kizima. Kinapovuja, manitoli nayo hupenya na kupoteza mvuto wake. Ukifikiri kwa uvimbe wa kawaida, unakimbilia deksamethasoni. Nayo ilijaribiwa Thailand, na matokeo ya 1982 yalionyesha wagonjwa waliendelea kuzimia kwa muda mrefu zaidi.

Kilichofanikiwa ni kitu kingine. Jaribio kubwa la 2010, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwamo, liliilinganisha atisuneti ya sindano na kwinini. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa atisuneti na 10.9 kwa kwinini. Zote mbili huua vimelea. Tofauti kubwa ni kwamba atisuneti huua hata vichanga, vile ambavyo bado vinazunguka na damu na havijaanza kunasa kwenye mshipa, ilhali kwinini huviacha vikue hadi vinanase. Fedha za utafiti wa malaria ya ubongo ningezipeleka huko: kwenye kuirudisha ishara ya EPCR kwa mtoto ambaye tayari amezimia, na kwenye kuhakikisha sindano ya kwanza inadungwa zahanati, kabla ya safari ya kwenda hospitali ya wilaya.